Rangi za Halloween kwenye Ngozi Yetu

Wazazi wa kwetu wanaoishi Minnesota, Ohio, Ontario na kwingineko penye baridi wanaijua hasara hii: unamnunulia mtoto vazi la Halloween kwa pesa nzuri, ikifika jioni ya tarehe 31 Oktoba baridi inakata masikio, na vazi lote linamezwa na koti. Mwaka 1991 theluji ilianza kuanguka Minnesota siku hiyohiyo ya Halloween, na ilipokatika siku chache baadaye Minneapolis ilikuwa imepata zaidi ya sentimita 70. Theluji ya namna ile si ya kila mwaka, lakini koti ni la kila mwaka. Kinachobaki kuonekana mtoto anapogonga mlango wa jirani kuomba peremende ni uso wake. Tena shule nyingi haziruhusu vinyago vya uso, na madaktari wa watoto wa Marekani hushauri rangi badala ya kinyago, kwa kuwa kinyago humziba mtoto macho akivuka barabara gizani. Basi ukitaka kutumia pesa na muda wako vizuri, vitumie kwenye uso.

Hapo ndipo wengi wetu tunapokwama. Fungua karibu video yoyote ya mafunzo na utaona hatua ya kwanza ni kupaka uso mzima nyeupe. Anayefundisha ana ngozi nyeupe tayari, kwa hiyo rangi inakaa bila ubishi. Chukua rangi hiyohiyo umpake binti yako mwenye ngozi nyeusi au ya maji ya kunde: inageuka kijivu, inaweka michirizi, na mtoto akijitazama kwenye kioo anauliza mbona amepauka. Amesema kweli, amepauka. Mama anaongeza rangi juu ya rangi ili nyeupe iwe nyeupe, na mwisho anapata ganda linalopasuka kila mtoto akicheka.

Sababu inaeleweka, na ukiielewa hutahangaika tena. Weupe wa rangi hizi kwa kawaida hutokana na titani dioksidi, unga ambao chembe zake hutawanya mwanga. Tabaka jembamba la unga huo likikaa juu ya kitu cheusi hurudisha zaidi mwanga wa upande wa bluu, na mwanga mwekundu hupita ukamezwa na weusi ulio chini. Ndiyo maana jicho linaona kijivu chenye ubluu. Wachoraji wa picha za mafuta wanalijua jambo hili siku nyingi, nao hulitibu kwa kuweka rangi yenye joto chini ya nyeupe, kama manjano au rangi ya chungwa iliyofifia.

Ushauri wangu wote unatoka hapo. Kwenye ngozi nyeusi kivuli kipo tayari. Video zinafundisha kuchora vivuli kwa sababu zinaanza na uso usio navyo. Wewe unaanza navyo, na kazi yako ni kuweka mwanga mahali unapotakiwa kisha uiache ngozi ifanye mengine. Mzazi akilishika hilo anatumia rangi kidogo, anamaliza mapema, na mtoto anaonekana amependeza au anatisha, vyovyote alivyotaka mwenyewe.

Tuanze na vifaa. Rangi za uso ziko za namna mbili. Kuna za maji, zinazouzwa zikiwa kavu ndani ya vikopo, unazichukua kwa sponji au brashi iliyoloweshwa. Snazaroo ya Uingereza inajulikana sana kwa hizi. Kuna pia za mafuta, laini, zinazoteleza kwenye ngozi na hazikauki zenyewe mpaka uzifunge kwa poda. Mehron, kampuni ya Marekani iliyoanza mwaka 1927, na Ben Nye wanatengeneza vitu vya jukwaani vya kiwango kizuri. Kwa mtoto chukua za maji, kwa sababu zinatoka kwa sabuni na hazimwachi na mafuta kwenye mto. Za mafuta ni za kijana au mtu mzima anayekwenda sherehe ya kukesha.

Huhitaji sanduku la rangi ishirini. Nyeusi, nyeupe, nyekundu, manjano na bluu zinatosha, zingine utachanganya. Vingine vimo kwenye mkoba wako wa vipodozi: penseli ya wanja, lipstiki ya rangi ya zambarau iliyoiva, rangi ya macho ya dhahabu au shaba, poda. Ongeza fandesheni mbili, moja ya rangi yako na nyingine iliyokuzidi weupe kwa hatua mbili au tatu, yenye umanjano. Zamani kuzipata ilikuwa shida. Mwaka 2017 Rihanna alipotoa fandesheni za Fenty Beauty katika rangi 40 kwa mpigo, kampuni nyingine zikafuata, na leo hata duka la kawaida la mtaani lina cha kukufaa. Hiyo fandesheni iliyokuzidi weupe ndiyo itakayokuwa tabaka lako la chini kila utakapotaka nyeupe.

Kabla ya brashi kugusa uso, kuna vitu vya kuweka kando, na hapa sitalegeza.

Rangi za ufundi za watoto, zile za akriliki zilizoandikwa kwamba hazina sumu, si za ngozi. Maana ya maandishi yale ni kwamba mtoto akizishika au akilamba kidole kilichochafuka hatadhurika. Hakuna aliyesema zikaushwe kwenye shavu kwa saa nne. Kalamu za maka zisizofutika ni vivyo hivyo. Pambo za kumetameta za kazi za mikono zina kingo kali, na moja ikiingia jichoni inaweza kukwaruza mboni. Nunua zile zilizotengenezwa kwa ajili ya uso, na hata hizo ziweke mbali na kope. Dawa ya kupulizia nywele usiipulize usoni eti ishike rangi.

Sisi wa pwani tuna mtihani wetu wa ziada, nao ni piko. Nyumba nyingi zina kipakiti cha piko kilichobaki baada ya harusi, na mtu anaona njia nyepesi ya kumchorea kijana utando wa buibui shavuni, mweusi na usiofutika. Usifanye hivyo. Piko ni rangi ya nywele, na weusi wake hutokana na kemikali inayofupishwa PPD. Ikikaa kwenye ngozi inaweza kutoa malengelenge na kuacha kovu, na mtu aliyedhurika nayo mara moja anaweza kubaki na mzio wa rangi za nywele maisha yake yote. Kwenye mikono ya bibi harusi ni hatari. Kwenye uso wa mtoto ni hatari maradufu. Hina halisi haina shida hiyo, ila hina si nyeusi, na itakaa usoni wiki nzima.

Wanja wa manga nao uache. Ule wa asili mara nyingi una madini ya risasi, na Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, hairuhusu utumike kama kipodozi, hasa kwa kuwa kuna watoto waliokutwa na risasi mwilini kwa sababu yake. Penseli ya kawaida ya dukani inatosha.

Rangi zinazong'aa gizani zina kanuni yake pia. Zinki salfaidi ndiyo iliyoruhusiwa na FDA kwa mng'ao huo, tena kwa siku chache kama Halloween, si ya kila siku na si karibu na macho. Zile rangi kali zinazowaka chini ya taa za sherehe nazo hazijaruhusiwa kuzunguka jicho. Kuhusu lenzi za macho za rangi, za paka au za nyoka, sheria ya Marekani inazihesabu kuwa kifaa cha tiba, na haziuzwi kihalali bila karatasi ya daktari wa macho. Kijana akikuambia rafiki yake kauziwa kwenye kibanda, mwambie asubiri. Mboni ikiambukizwa hairekebishwi kwa matone ya dukani.

Mwisho wa makatazo: siku mbili tatu kabla, mpake mtoto kila rangi utakayotumia upande wa ndani wa mkono, uangalie. Ikiwasha, ikivimba au ikitoa vipele, rangi hiyo haiendi usoni.

Sasa twende kwenye fuvu, maana ukiliweza fuvu umeyaweza mengine. Nitalieleza polepole.

Mkalishe mtu wako kwenye kiti penye mwanga wa dirisha, nywele zimefungwa nyuma. Nawisha uso, paka losheni nyepesi, subiri ikauke. Mafuta mazito ya Vaseline yatazifukuza rangi za maji. Kisha weka rangi chini kwanza uupapase uso kwa vidole. Mguse chini ya nyusi: utahisi ukingo wa mfupa. Ufuate uzunguke upande wa nje wa jicho, ushuke mpaka juu ya shavu, urudi puani. Hilo ndilo tundu la jicho, na utashangaa lilivyo kubwa, linachukua kope zote mpaka kwenye nyusi. Wanaoanza hupaka duara dogo kuzunguka jicho, na matokeo yake ni mtu aliyevaa miwani. Endelea kupapasa: mfupa wa shavu unaokwenda sikioni, shimo lililo chini yake, pembe ya taya, bonde dogo la panja. Mifupa yenyewe ndiyo ramani yako, na kila mtu ana ya kwake.

Chukua penseli ya rangi ya hudhurungi uchore mipaka hiyo kwa wepesi. Sasa chukua fandesheni iliyokuzidi weupe, au changanya nyeupe na tone la manjano na chembe ya kahawia mpaka upate rangi ya pembe ya ndovu. Mfupa hauna weupe wa karatasi. Gongagonga kwa sponji kwenye paji la uso, juu ya mfupa wa shavu, kwenye mgongo wa pua, kidevuni na kwenye ukingo wa taya. Gonga, usiburute, kwa kuwa kuburuta ndiko kunakoleta michirizi. Kama ni rangi ya maji, sponji iwe na unyevu tu, na rangi iwe nzito kama mtindi. Usiguse matundu ya macho, shimo la chini ya shavu wala panja. Acha ngozi.

Subiri tabaka la kwanza likauke kabisa, kisha weka la pili, safari hii nyeupe yenyewe, katikati tu ya zile sehemu zilizonyanyuka: katikati ya paji, kileleni mwa shavu, nchani mwa kidevu. Rudi nyuma hatua mbili umtazame. Kwenye ngozi nyeusi fuvu limeshaanza kutokea, na hujagusa nyeusi bado. Wenzetu wenye ngozi nyeupe hufika hapa baada ya kazi mara mbili.

Nyeusi inakuja mwisho, na kidogo. Iweke ndani kabisa ya tundu la jicho, karibu na pua na chini ya nyusi, kisha uifutefute kuelekea nje ili ipotelee kwenye ngozi badala ya kuishia kwenye mstari. Puani chora umbo la moyo uliopinduliwa, kuanzia juu ya matundu mpaka pembeni mwake. Meno yachore juu ya midomo na kuipita: mstari wa kulala kutoka pembe ya mdomo kuelekea katikati ya shavu, kisha mistari mifupi ya kusimama, ya katikati mipana na ya pembeni myembamba. Rangi ya pembe ijaze meno, nyeusi ikae kwenye nafasi baina yao. Midomo ya watu wetu ina rangi yake nzuri yenye nguvu, kwa hiyo ifunike kwanza kwa fandesheni, la sivyo itajitokeza katikati ya meno. Ukimaliza, gandamiza poda kwa kitambaa laini, usisugue.

Uchafu wa kaburini ni hiari. Brashi kavu yenye rangi ya macho ya kahawia, ipitishe kwenye kingo za mifupa. Ni jambo dogo, lakini ndilo linaloondoa ule usafi wa mchoro na kuleta ukongwe.

Ukishalielewa fuvu, zombi ni fuvu lenye nyama. Itazame tena video ya Thriller ya mwaka 1983, ambayo Rick Baker ndiye aliyewageuza Michael Jackson na wachezaji wake. Kinachokushtua kwenye uso wa Michael ni macho yaliyozama na mifupa ya mashavu iliyochomoza, kwa hiyo nguvu ya kazi iko kwenye umbo kuliko kwenye rangi. Nyumbani fanya hivyo. Ile kijivu iliyokuudhi mwanzo ndiyo unayoitaka hapa, kwa sababu mfu lazima apauke. Changanya nyeupe na kijani kidogo na kijivu, uigonge kwa viraka, hapa ipo, pale haipo. Kuzunguka macho tumia lipstiki ya zambarau au rangi ya damu ya mzee badala ya nyeusi tupu, maana nyeusi peke yake hupotea kwenye ngozi yetu na macho yanabaki kama kawaida.

Mavilio ya damu kwenye ngozi nyeusi yanahitaji uangalifu uleule. Video zitakwambia uweke bluu na kijani. Kwetu jeraha la kugonga huonekana kwa kuiva zaidi: zambarau, kahawia iliyokolea, karibu nyeusi. Weka zambarau katikati kwa sponji yenye matundu makubwa, kisha pembeni gusagusa manjano iliyochujuka. Manjano ile ndiyo inayolishawishi jicho kwamba hapa pana jeraha linalopona.

Damu yenyewe ni kazi ya jikoni. Alfred Hitchcock alipopiga Psycho mwaka 1960 alitumia shira ya chokoleti, kwa kuwa filamu ilikuwa nyeusi na nyeupe na uzito wa shira ndio uliohitajika. George Romero naye alifanya vivyo hivyo mwaka 1968 katika Night of the Living Dead, filamu ambayo shujaa wake ni Duane Jones, Mmarekani mweusi. Siri ni uzito na mng'ao. Chukua kikombe cha shira ya mahindi, ile inayouzwa kwenye rafu za vitu vya kuokea, weka vijiko viwili vya chai vya rangi nyekundu ya chakula, kijiko kimoja cha kakao kupoteza ule uwaridi, na tone moja la bluu. Koroga mpaka kakao isionekane. Kwa mtu mweupe wangekwambia uikoze. Kwa ngozi nyeusi ipunguzie kakao, iwe nyekundu inayowaka, la sivyo kwa mbali haitaonekana. Damu iliyokolea iweke ndani ya jeraha, iliyowaka itiririke nje. Kumbuka rangi ya chakula hushika nguo na ngozi, basi ijaribu mkononi kwanza na umvalishe mtoto shati la kutupwa.

Jeraha lenye kina linatengenezwa kwa jelatini: unga wa jelatini, gliserini na maji, vipimo sawa, kijiko kimoja kimoja. Pasha sekunde kama kumi kwenye maikrowevu, koroga, kisha tia tone upande wa ndani wa kiganja chako mwenyewe. Likichoma, subiri. Likiwa vuguvugu lipake kwa mgongo wa kijiko mahali pa jeraha, mbali na macho, na kabla halijaganda sawasawa lichane katikati kwa kijiti cha meno. Lipake fandesheni ya rangi ya mtoto juu, zambarau na damu ndani. Ndugu zangu Waislamu wasome pakiti, kwa sababu jelatini nyingi ya Marekani hutokana na nguruwe. Ya ng'ombe na ya samaki ipo kwenye maduka ya halali, na ya ng'ombe inafaa kazi hii vilevile. Naipendelea njia hii kuliko lateksi ya majimaji, ambayo baadhi ya watu wana mzio nayo. Gundi za kope za bandia nazo mara nyingi zina lateksi, kwa hiyo ziangalie.

Kuna nyumba nyingi, za Kiislamu na za Kikristo, ambako Halloween haiingii, na nyingine ambako mtoto anaruhusiwa kwenda na wenzake lakini si kwa sura ya wafu. Mzazi ndiye mwenye neno. Kwa nyumba hizo za pili, na kwa watoto wadogo wa nyumba zote, chaguo langu ni chui. Mtoto wa miaka minne hatulii zaidi ya dakika kumi, na chui ameshamalizika kabla hajaanza kujikuna.

Gonga manjano iliyochanganywa na dhahabu katikati ya uso: paji, pua, mashavu ya mbele. Pembeni, kuelekea masikio, acha ngozi yake yenyewe. Rangi ya pembe iweke juu ya macho na kuzunguka mdomo. Kisha madoa. Doa la chui halijajaa: ni kiini cha kahawia kilichozungukwa na vipande vyeusi visivyokutana. Yafanye madogo karibu na pua na makubwa kuelekea pembeni. Doa lililojaa ni la duma, ambaye ana pia mistari miwili myeusi inayoshuka kutoka machoni mpaka mdomoni. Mtoto akitaka duma, ipe mistari hiyo ukingo mwembamba wa rangi ya pembe ili ionekane. Sharubu nazo zichore kwa rangi ya pembe. Sharubu nyeusi kwenye shavu jeusi ni kazi bure. Dhahabu, shaba, feruzi na chungwa kali huwaka kwenye ngozi zetu kuliko kwenye ngozi yoyote, na kipepeo wa rangi hizo juu ya macho ya msichana mweusi ni kitu cha kutazamwa mara mbili.

Jambo hili nalisema kwa uzito. Binti yako akitaka kuwa Elsa wa filamu ya Frozen, mpake barafu: feruzi na fedha kwenye mashavu, nyota ndogo juu ya nyusi. Usimpake weupe ili afanane na Elsa. Uso wake ndio uso wa malkia wa siku hiyo, na rangi za pambo zimekuja kuupamba. Mtoto akiwekwa mbele ya kioo akasuguliwa nyeupe ili "afanane", anajifunza jambo ambalo itakuchukua miaka kumwondolea. Kwa upande wa pili, ngozi ya watu si vazi. Mtoto wetu hapakwi rangi kuwa Mwenyeji Asilia wa Marekani au Mchina, kama tusivyotaka wa jirani apakwe masizi kuwa sisi. Fuvu lenye maua la Catrina, lililotokana na mchoro wa José Guadalupe Posada, ni la Wameksiko na kumbukumbu yao ya marehemu ya tarehe 1 na 2 Novemba. Kama mna majirani Wameksiko, waulizeni. Mimi huwaachia wenyewe.

Kutoa rangi kuna utaratibu, na hakufanywi kwa kusugua. Za maji: maji ya uvuguvugu, sabuni laini ya mtoto, kitambaa laini, kutoka katikati kwenda nje. Za mafuta hazitoki kwa maji, utazitandaza tu. Paka mafuta ya nazi au mafuta ya mtoto, yaache dakika moja yalegeze rangi, futa kwa pamba, kisha nawisha kwa sabuni. Jelatini huloweshwa kwa maji ya moto ya wastani mpaka iyeyuke, isivutwe, maana ikivutwa hutoka na vinyweleo. Nyekundu na bluu zinaweza kubakiza doa siku ya pili. Losheni na uvumilivu vinatosha. Mtoto asilale na rangi, hata akiwa amechoka namna gani. Uso ukiwa umesafishwa, paka mafuta yake ya kawaida. Ikiwa ngozi imevimba au macho yamekuwa mekundu asubuhi, mpeleke kwa daktari na uende na kopo la rangi, ili asome mwenyewe kilichomo.

Sponji iliyotumika kwa mtoto mwenye macho mekundu au mafua itupwe, na watoto wa familia mbili wasichangie brashi. Brashi zioshe kwa sabuni uzilaze zikauke. Vikopo vya rangi za maji viache wazi usiku kucha kabla ya kuvifunga, kwa sababu unyevu uliofungiwa ndani huota ukungu, na utakapovifungua mwaka ujao itabidi uvitupe. Rangi iliyokauka vizuri hukaa misimu kadhaa, ilimradi ukitumia tena uijaribu mkononi kwanza.